Mguu Mwepesi Juu ya Bati

Ukipanda mnara wa msikiti mkuu wa Old Kampala, zile ngazi mia tatu na ushei, kijana anayeongoza wageni atakuonyesha vilima: kule Namirembe, kule Rubaga, ng'ambo ile Makerere. Macho yangu mimi hukimbilia mapaa. Kutoka barabarani unaiona Kampala ikiwa imevaa; kutoka juu unauona mgongo wake. Ghorofa ina vioo vitupu upande wa mbele, juu ni kutu. Mabati yamekandamizwa kwa mawe na matairi yaliyokwisha, upepo usiyachukue. Majani ya mwembe yamejaa kwenye gata hadi miche imeota humo. Na kalooli, yule korongo mkubwa mwenye upara, amesimama juu ya kofia ya paa kama mwenye hati ya kiwanja. Wenye nyumba hawana habari. Hawajapanda huko tangu walipokabidhiwa funguo.

Anayepanda, kwa ninaowajua, ni Ssalongo. Jina alilopewa na wazazi silo hilo, lakini Buganda mtu akishajaliwa pacha, majina mengine hufifia. Si fundi wa kuezeka nyumba mpya. Hao wamejaa tele Ndeeba, penye wauza mbao. Yeye huitwa dari likishaanza kuchora ramani.

Kazi yake haianzii juu. Huingia ndani akalitazama doa, kisha akaomba kufunguliwa kitundu cha dari achungulie kenchi. Maji, huniambia kwa Kiswahili alichokiokota Nairobi ujanani, hayaingii pale yanapodondokea. Yameshatembea juu ya ubao, pengine kutoka chumba cha pili. Akisharidhika, huegemeza ngazi penye mwisho wa kenchi, si kwenye gata, akaifunga kamba. Lugabire zake, zile ndala za tairi, huziacha chini. Alfajiri hapandi kwa sababu ya umande, adhuhuri hapandi kwa sababu bati linaunguza. Kati ya hapo ana saa chache, na mvua ya Kampala haiweki miadi.

Halafu ndio mguu. Ssalongo hufuata safu za misumari, maana penye msumari chini yake pana ubao. Unyayo huukingamisha juu ya migongo miwili ya bati, vidole vikitangulia, kisigino kikifuata baada ya kuridhika. Bati nalo husema. Palipo na ubao sauti ni nzito na fupi. Palipo na utupu hunguruma. Akisikia ngurumo huurudisha mguu kabla uzito haujaufikia, na ukiwa chini unamtazama unaweza kudhani amebadili nia tu. Hageuki akiwa wima, huchuchumaa kwanza. Karibu na ukingo hutambaa, kamba kiunoni, ncha yake imefungwa imara upande wa pili wa nyumba.

Kuna bati moja asilolikanyaga kamwe: lile la plastiki linaloingiza mwanga sebuleni. Likikaa juani miaka michache hukakamaa, vumbi jekundu la mji huu likalifunika, likafanana na mabati ya jirani yake. Mtu mwenye haraka hupita nalo hadi sakafuni. Ndiyo maana Ssalongo huhesabu mabati kutokea ndani kabla ya kupanda, na akifika juu hulizungushia alama ya chokaa, hata kama yuko peke yake.

Ukarabati wenyewe ni wa subira, na wenye haraka huudharau. Kinyesi cha kalooli hula rangi, kikaimaliza zinki, kikafika kwenye chuma. Yeye hakisugui kikiwa kikavu, hukilowesha kwanza akasubiri. Msumari uliochomoka hauzamishi tena kwa nyundo katika tundu lile lile. Jua limelitanua bati na usiku umelibana miaka yote hiyo, tundu limepanuka, mpira wa msumari umekauka. Huung'oa, akatia skrubu nene zaidi yenye mpira mpya. Kumwaga lami juu, namsikia akinung'unika, ni kumfunika mgonjwa blanketi.

Nilimfuata hadi Bunga, kwenye nyumba ya wageni, alipoitwa kutazama karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Wasafiri fulani waliizungusha Afrika Mashariki wakaitelekeza uani, na mwenye mahali sasa huwalaza watu humo. Ilikuwa inavuja kitandani. Fundi wa magari alikuwa ametangulia kuipanda na viatu vyake, akaacha mabonde yaliyotuamisha maji. Ssalongo aliigonga kwa kifundo cha kidole, polepole, mpaka akajua fremu imepita wapi chini ya ile alumini nyembamba. Hakusimama juu yake hata kidogo. Alitandika gunia, akalaza ubao mpana kutoka fremu hadi fremu, akafanya kazi akiwa amelala kifudifudi. Bati lenyewe halikuwa na kosa. Maji yalipita penye maungio, kuzunguka kidirisha cha hewa, ambako gundi ya zamani ilikuwa imepasuka. Aliikwangua yote hadi ikaisha ndipo akapaka mpya. Kazi hiyo ilimla mchana mzima, na mwenye mahali aliona amecheleweshwa.

Mji huu umeshalipa sana kwa mapaa. Namirembe, kanisa lililotangulia liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. La matofali lililokuja baadaye, lenye paa la nyasi, lilipigwa na radi likateketea mwaka 1910. Lililopo leo lilikamilika mwaka 1919. Halafu pale Kasubi, penye makaburi ya wafalme wa Buganda. Nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kuwa ikulu ya Kabaka Mutesa I, naye akazikwa humo mwaka 1884, wakamfuata Makabaka watatu. Paa lake liliteremka karibu na ardhi, nyasi zimefungwa matita, na kwa ndani likashikwa na pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kuezeka kulikuwa haki ya ukoo wa Ngeye, baba akimrithisha mwana, chini ya mkuu wao Wabulaakayole, na siku za kazi hiyo waezekaji walijitenga na wake zao. Naipenda miiko hiyo kuliko maelezo yake. Mtu aliyejizuia nyumbani hapandi juu ya Makabaka ovyo ovyo.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliungua, miaka tisa baada ya UNESCO kuyatia makaburi hayo katika urithi wa dunia. Yalikaa kwenye orodha ya hatari hadi mwaka 2023. Wakati wa kujenga upya, nyasi zilikatwa na fedha zikatafutwa. Mikono inayojua kufunga tita lisivujishe maji haiagizwi dukani.

Paa la nyasi halikuruhusu usahaulifu. Kila mara palikuwa na sehemu iliyooza ya kung'oa na kutia nyingine, kwa hiyo kila mara palikuwa na mtu juu. Bati lilikuja na ahadi ya kutupumzisha, tukaiamini. Sasa tunanunua geji 32, jembamba hata mtoto analibonyeza kwa kidole, na muuzaji anaapa ni 28. Bati limekuwa na thamani ya kufikisha mawaziri kortini, kama tulivyoona mwaka 2023 katika kashfa ya mabati yaliyokusudiwa Karamoja, lakini likishapigiliwa halina anayelijali.

Wale pacha wa Ssalongo hawakufuata ngazi yake. Wasswa anaendesha boda boda. Kato alipanda na babake kwa muda, kisha akapata kazi ya kufunga paneli za sola, ambako hulipwa kwa idadi ya nyumba anazomaliza kwa siku. Anapanda na buti. Majuzi mzee aliitwa Najjera kuziba paa lililokuwa likivuja chini ya paneli, akakuta skrubu zimepita kando ya ubao, zimeshika hewa. Alimuuliza mwenye nyumba ni nani aliyezifunga. Alipoonyeshwa risiti alinyamaza, akaomba ashikiwe ngazi, na jioni hakukubali kulipwa.