Kila Kitu na Kamba Yake: Asubuhi Tatu na Vishikio Vipya vya Fimbo Kwenye Kayaki

Fimbo ilipinda ghafla hadi ncha ikachota maji. Rili ikalia. Kayaki ikageuza omo, ikaanza kumfuata samaki kuelekea mlango wa hori la Kilifi, na mimi mikono yote miwili iko kwenye kafi! Mwaka jana hadithi ingekwishia hapo: fimbo ingechomoka, ingezama, nami ningebaki nikitazama mapovu. Safari hii ilikaa palepale. Nikaliweka kafi kwenye kibano chake, nikausukuma ukanda wa mpira kwa kidole gumba, nikaichomoa fimbo kwa mkono mmoja. Baada ya vuta nikuvute ya dakika kama kumi, kolekole mwenye ubavu wa fedha alikuwa amelala mapajani mwangu. Wavuvi wenzangu, nimekipata kitu nilichokuwa nikikitafuta tangu siku nilipokalia kayaki mara ya kwanza!

Seti hii nimeitumia asubuhi tatu tu, kwa hiyo haya ni ya kuionja mara ya kwanza. Sijaipitisha kwenye msimu mzima wa kusi wala sijaiacha juani mwaka mzima. Lakini kwa asubuhi hizo tatu nimevua kwa utulivu ambao sikuwahi kuujua, na siwezi kulikalia jambo hili kimya.

Seti yenyewe ina vipande vinne. Cha kwanza ni reli ya aluminiamu ya YakAttack, kampuni ya Virginia, Marekani, inayotengeneza vifaa vya wavuvi wa kayaki. Cha pili ni mkono wa RAM Mounts wa Seattle, wenye mpira wa kuzunguka kila upande. Cha tatu ni bomba la kuingizia mpini wa fimbo, lenye mfereji wa kupokea shingo ya rili. Cha nne, na ndicho kilichonifanya nikae kuandika, ni kamba za usalama: kamba za msokoto kama waya wa simu za mezani za zamani, zenye ndoano ya kufunguka kila ncha.

Nianze na ule mpira, maana nimeuchezea hadi mtoto wa nyumbani akaniuliza kama ni mwanasesere. Una kipenyo cha inchi moja na nusu na umevikwa raba. Mkono una vikombe viwili, kimoja kila ncha, na katikati kuna kifundo kimoja tu cha kukazia. Ukikilegeza, vikombe vyote viwili vinalegea kwa pamoja, na fimbo unaielekeza utakako: juu, chini, mbele, nyuma, ubavuni. Ukikikaza, raba inabanwa na mkono unaganda kama mti. Kifundo kimoja, viungo viwili! Sihitaji spana wala kuweka kafi chini kwa muda mrefu. Nikiwa katikati ya mkondo ninaweza kuutoa mkono kwenye pembe ya kukokota na kuuleta kwenye pembe ya kusubiri kabla kayaki haijasogea urefu wake mwenyewe.

Reli nayo inamaliza tatizo lililonisumbua kwa miaka. Mfereji wake umechongwa ndani kwa umbo la herufi T, na kichwa cha bolti kinateleza humo kutoka mwanzo hadi mwisho. Maana yake, pahali pa kishikio si pa kudumu tena. Asubuhi ya kwanza nilikiweka mbele mno, kila nikipiga kafi vifundo vya vidole vinagonga bomba. Zamani hilo lingekuwa kosa la maisha, kwa sababu tundu likishatobolewa kwenye kayaki limetobolewa. Sasa nililegeza, nikasogeza kiganja kimoja nyuma, nikakaza, nikaendelea na safari.

Ukitaka kuifunga, pokea ushauri huu mmoja kabla hujashika drili: keti ndani ya kayaki ukiwa nchi kavu. Iweke uani juu ya nyasi au mchanga, vaa jaketi la kuokolea, shika kafi, piga hewa kama unayepiga maji, mara ishirini kulia, mara ishirini kushoto. Halafu jifanye umepata samaki: geuka, nyosha mkono, chukua fimbo, irudishe. Weka alama kwa kalamu pale mkono unapofika bila kujinyonga. Mimi nilitumia jioni nzima kwa kazi hiyo, na siijutii hata dakika moja. Kayaki nyingi za kuvulia ni za poliethilini, plastiki inayotobolewa kwa urahisi, na hapo ndipo penye hatari: ni rahisi kutoboa, si rahisi kuziba. Anza na tundu dogo, kisha lipanue. Skrubu na nati ziwe za chuma cha pua, na kwa maji ya chumvi daraja la 316 ndilo la kutafuta. Mahali ambapo mkono wako haufiki kwa ndani, tumia nati za raba, zile zinazovimba ndani ya tundu unapozikaza. Zungushia silikoni ya baharini, iache ikauke, ndipo uende majini.

Sasa nije kwenye lile lililobadilisha fikra zangu kabisa. Kushika na kufunga ni kazi mbili tofauti! Nilikuwa sijui. Kishikio kinashika fimbo wakati kayaki imesimama wima na wewe unafanya kazi. Kamba inaifunga fimbo kwa ajili ya siku ambayo hakuna kilichosimama wima. Wengi wetu tunanunua vishikio vizuri tukadhani tumemaliza. Mimi nilidhani hivyo hadi msimu wa kusi uliopita, wimbi la ubavuni liliponipindua karibu na mlango wa hori. Kayaki niliirudisha, mwenyewe nilirudi salama, alhamdulillahi. Fimbo mbili, rili zake, kisanduku cha ndoana na kisu vilikwenda chini, na vishikio vilibaki mahali pake, vimekaza, vitupu.

Jioni ile mzee mmoja wa ngalawa alinikuta pwani nikikung'uta maji. Hakunicheka. Aliniita tu kwenye chombo chake akanionyesha upo wa kukumbia maji: umefungwa kwa uzi wa nailoni kwenye ubao wa kukalia. Ndoo imefungwa. Kisu kimefungwa. Hata kibuyu cha maji ya kunywa kimefungwa. "Mwanangu," akasema, "baharini kitu kisicho na kamba ni cha bahari. Wewe umekiazima tu." Nilimwitikia, "Nimekusikia, mzee," lakini nilichelewa kuelewa. Ni sasa tu, nikiwa na kamba sita za msokoto mkononi, ndipo maneno yale yamekaa.

Na fikra hii ni ya kale kuliko plastiki zote. Wainuit, watu wa kaskazini ya barafu ambao kayaki ni chombo chao cha asili, walipitisha mikanda ya ngozi ya sili juu ya sitaha, wakaikaza kwa vipande vya mfupa au pembe, na chini ya mikanda hiyo wakachomeka mikuki na chusa zao. Mbele ya mwindaji kulikuwa na kijukwaa cha kuwekea kamba ya chusa iliyokunjwa vizuri. Nyuma yake kulikuwa na boya la ngozi lililojazwa hewa. Kila kitu na pahali pake, kila pahali panafikika kwa mkono bila kugeuza mwili mzima. Nikiitazama reli yangu ya aluminiamu naona mawazo yaleyale!

Asubuhi ya pili nikaamua kuijaribu seti kwa namna pekee inayosema kweli. Nilikwenda kwenye maji ya kiunoni, nikafunga kila kitu, nikaipindua kayaki kwa makusudi. Moyo ulikuwa ukidunda! Nilipoirudisha, fimbo zote mbili zilikuwa mahali pake. Mikanda niliyoiongeza mwenyewe, iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ilikuwa imezizuia zisiteleze, na hata kama zingeteleza, kamba zilikuwa zimezishika kwenye pete za kayaki. Kreti ya nyuma ilikaa. Kitu kimoja tu kilizama: koleo ndogo niliyoiacha mfukoni mwa kiti bila kamba. Niliipata kwa kupapasa na nyayo. Kwenye maji ya mita kumi ningeisalia.

Jaribio lilinifunza mambo mengine mawili ambayo sijasikia yakisemwa vya kutosha. La kwanza: upande mmoja wa kayaki uache mtupu. Nilikuwa nimefunga vishikio pande zote mbili, na nilipotaka kupanda tena kutoka majini kila nilipoweka kifua palikuwa na bomba. Sasa vyote viko kulia, na kushoto ni mlango wangu wa kurudia. La pili: kamba inayookoa fimbo inaweza kumnasa mwenye fimbo. Moja ilikuwa ndefu mno, ikanipitia begani nikiwa chini ya maji. Nimeifupisha. Kamba iwe na urefu wa kukuwezesha kurusha mshipi, isizidi hapo, na kisu kikae kwenye jaketi la kuokolea, kifuani, mahali ambapo mkono wowote unafika. Ukivuka mawimbi yanayovunjika pwani, usiache fimbo zimesimama hata kama umezifunga. Zilaze, au ziingize ndani ya kayaki kama tundu lake linaruhusu, na zitoe tena ukishafika maji tulivu. Bahari haishi zinge.

Asubuhi ya tatu ndiyo ya yule kolekole. Niliingia alfajiri maji yakianza kujaa, nikapita kando ya mikoko nikiwa nimezilaza fimbo nyuma ili ncha zisinase kwenye matawi. Nilipofika mahali pa wazi nikaanza kukokota. Pembe ndiyo siri ya kukokota kwa kayaki: fimbo itoke nje ya ubavu, ncha ikiwa mbali na kafi, mshipi usivuke njia ya mkono wako. Breki ya rili niliilegeza kiasi, na hili naomba ulishike. Samaki mkubwa akipiga, kitu cha kwanza kutoa kiwe mshipi, kabla ya kishikio au skrubu kujaribiwa. Ukikaza breki hadi mwisho, nguvu yote inakwenda kwenye tundu ulilotoboa mwenyewe. Niliisikia rili ikiimba, nikamwacha akimbie, nikaiona kayaki ikivutwa taratibu kama mtoto aliyeshikwa mkono. Furaha ile sina neno lake!

Najua wapo watakaosema: haya ni ya wenye jamaa wa kuwatumia vifaa kutoka nje. Hapana! Kanuni ni ya kila mtu, na nusu ya vifaa viko duka la vifaa vya ujenzi. Chukua kreti tupu ya soda, kata vipande vitatu vya bomba la plastiki la maji lenye kipenyo cha inchi moja na nusu, lainisha kingo kwa msasa, kisha yafunge mabomba kwenye kona za kreti kwa vibano vya plastiki vya kufungia nyaya. Chonga mfereji juu ya kila bomba ili shingo ya rili ikae. Kreti ikaze nyuma ya kiti kwa ile mipira ambayo bodaboda wanafungia mizigo. Kamba za usalama tengeneza kwa nailoni na vikulabu vya kufunguka haraka. Mimi mwenyewe bado natumia kreti ya namna hiyo nyuma, na kwenye jaribio la kupinduka haikutikisika.

Vitu vidogo navyo vifikirie. Fimbo nyingi zikiwa na rili huzama, kwa hiyo vika mpini kipande cha sponji ngumu na uijaribu fimbo kwenye maji mafupi uone kama inaelea. Koleo, kisu, mkasi: kila kimoja na uzi wake. Simu ndani ya mfuko usioingiza maji, mfuko ndani ya jaketi. Kafi lipate kamba yake pia, maana bila kafi huna safari. Ukirudi, osha reli, mpira na kifundo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, usugue mfereji kwa mswaki wa zamani. Chumvi na mchanga havina urafiki na kitu kinachoteleza.

Je, napendekeza? Kwa moyo wote! Mwenye kayaki anayevua peke yake, anayekokota, anayehitaji mikono miwili kwa kafi, atafute reli na mkono wa mpira, na asivifunge kabla ya kukaa uani na kupiga hewa. Mwenye bajeti ndogo aanze na kreti na mabomba. Lakini wote wawili waanze na kamba, kwa sababu kishikio bila kamba nilikuwa nacho, na fimbo zangu mbili bado ziko chini ya mlango wa hori la Kilifi.

Kabla ya safari yako ijayo, gusa kila kitu kilichomo ndani ya kayaki, kimoja baada ya kingine, na ujiulize: nikipinduka sasa hivi, hiki kitakwenda wapi? Kisicho na jibu, kifunge au kiache nyumbani.