Chuma Mkononi mwa Amani

Riwaya ya Rebel of the Sands ya Alwyn Hamilton, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Mwasi wa Mchanga, ilitoka mwaka 2016. Ilifuatwa na nyingine mbili: Traitor to the Throne (2017) na Hero at the Fall (2018). Ni riwaya ya njozi iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, na mandhari yake ni jangwa. Mhusika mkuu ni msichana anayekaribia umri wa miaka 17, mlenga shabaha asiye na mfano kijijini kwao, na jina lake ni Amani.

Mwandishi hakulichukua jina hilo kwetu. Nchi aliyoibuni, Miraji, imejaa majina yenye sauti ya Kiarabu, na kwa Kiarabu Amani ni jina la kike lenye maana ya matumaini au matamanio. Amani yetu, ile inayotiwa saini na kuvunjwa, imetokana na neno jingine la lugha hiyohiyo, lenye maana ya usalama. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili hawezi kuziba masikio. Anasoma kwamba Amani ameshika bunduki, Amani amelenga, Amani hakukosa. Anayesoma maneno hayo akiwa Juba husikia zaidi. Mwaka riwaya ilipotoka ndio mwaka ambao nchi yetu ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwezi Aprili, na ndio mwaka ambao mapigano yaliurudia mji huu, mwezi Julai.

Swali la makala haya ni moja: bunduki inamfanyia nini Amani? Jibu la haraka ni kwamba inamkomboa. Nitajaribu kuonyesha kwamba riwaya yenyewe, kwa kanuni ilizojiwekea, inatoa jibu jingine, na kwamba jibu hilo la pili ndilo linalostahili kujadiliwa nasi.

Tuanze kwa kulitendea haki jibu la kwanza. Amani amezaliwa Dustwalk, kijiji kilichozungukwa na mchanga, ambako binti hana la kusubiri ila kuozwa. Mama yake alinyongwa kwa kosa la kumuua mumewe. Amani analelewa na mjomba wake, na mjomba huyo anakusudia kumwoa yeye mwenyewe. Katika hali hiyo, bunduki ndiyo kitu pekee ambacho msichana huyu anakimudu na ambacho hakuna mtu aliyempa kwa hisani. Anajifunika uso, anajifanya mvulana na kwenda katika mashindano ya kulenga shabaha ili apate nauli ya kutorokea mji mkuu. Hapo ndipo anapokutana na Jin, kijana mgeni mwenye siri zake, na msuko unaanza kukimbia. Hamilton anasimulia kwa nafsi ya kwanza, kwa sauti ya msichana mkali wa ulimi anayejua kuficha hofu yake kwa mzaha. Sauti hiyo ndiyo nguvu kubwa ya fani ya riwaya hii. Msichana yeyote aliyewahi kusikia mahari yake ikijadiliwa chumba cha pili ataelewa kwa nini Amani analala akiwaza risasi.

Lakini tazama bunduki hizo zinatoka wapi. Dustwalk ina kiwanda cha silaha, na kijiji kizima kinakitegemea. Silaha zinazotengenezwa humo zinawanufaisha Wagallan, taifa la kigeni ambalo majeshi yake yako Miraji kwa mapatano na Sultani. Kwa maneno mengine, wanakijiji wanakula mkate unaotokana na chuma kinachowatawala. Hapa mwandishi ameona mbali kuliko waandishi wengi wa njozi, ambao wapiganaji wao huokota upanga kana kwamba panga huota porini. Sisi tunaoishi katika nchi isiyo na kiwanda cha bunduki, lakini isiyokosa bunduki, hatuna budi kuusifu uaminifu huo. Silaha ina mfuaji, ina mnunuzi na ina barabara iliyoileta.

Sasa tufike kwenye kanuni niliyoitaja. Katika ulimwengu wa Miraji, chuma ni adui wa uchawi. Majini na viumbe vyote vya jangwa hupoteza nguvu vikiguswa na chuma. Farasi aitwaye Buraqi ni upepo na mchanga mpaka apigwe kwato za chuma. Hapo hubaki farasi wa nyama tu, anayeweza kuuzwa. Baadaye Amani anagundua kwamba yeye mwenyewe ni Demdji, yaani mtoto wa jini na mwanamke wa kibinadamu. Macho yake ya bluu, ambayo kijijini yalidhaniwa kuwa alama ya baba mgeni, ni alama ya asili hiyo. Demdji hawezi kusema uongo, na kila Demdji ana kipaji chake. Kipaji cha Amani ni kuuamuru mchanga wa jangwa zima.

Kwa nini basi hakukijua kwa miaka yote hiyo? Kwa sababu alikulia katika kijiji cha chuma, na kwa sababu hakuiachia bunduki. Kile alichokishika ili awe huru ndicho kilichokifunga kipaji chake. Msichana aliyekuwa na uwezo wa kuliinua jangwa alijivunia kuangusha chupa.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha riwaya, na hapa ndipo ninapomlaumu mwandishi. Wazo hili zito linapita upesi mno. Amani anapogundua asili yake, msuko unamhitaji vitani, na kipaji kipya kinapokelewa kama silaha kubwa zaidi ya ile ya kwanza. Hakuna sura inayomkalisha chini aitazame bastola yake na kujiuliza: wewe umenilinda, au umenifunga? Kitabu cha pili kinalikaribia swali hilo zaidi, pale Amani anapokuwa mateka katika kasri la Sultani na vipande vya chuma vinashonwa chini ya ngozi yake ili asiweze kuuita mchanga. Hapo kifungo kinaonekana wazi kwa kuwa kimewekwa na adui. Kifungo alichojivisha mwenyewe kwa mapenzi kinabaki bila kusemwa.

Fasihi yetu ya Kiswahili ina mlenga shabaha wake. Fumo Liyongo, kama anavyosimuliwa katika utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, aliwashinda maadui waliopanga kumuua wakati wa zamu yake ya kupanda mkoma: badala ya kupanda, aliyaangusha makoma kwa mishale. Katika kisa chake pia chuma na shaba vina kazi. Tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, ikapelekwa gerezani na mjakazi Saada, ilimfungua minyororo. Shaba iliyodungwa kitovuni mwake na mwanawe ilimuua. Madini yaleyale ya binadamu, mikono tofauti. Utendi haumfichi msikilizaji kwamba umahiri wa mshale haukumwokoa Liyongo na mtu aliyelala naye nyumba moja. Ukiweka visa hivi viwili pamoja, unaona kile ambacho Hamilton alikuwa nacho mkononi akakiachia: shujaa wa silaha hukamilika pale tunapoonyeshwa mahali ambapo silaha yake haifiki.

Mahali hapo katika riwaya hii panaitwa Tamid. Tamid ni rafiki wa Amani wa tangu utotoni, kijana mwenye ulemavu wa mguu, mcha Mungu, asiyetaka kuondoka kijijini. Askari wanapokuja kumsaka Jin, Tamid anapigwa risasi ili Amani aseme anachokijua. Amani anapanda Buraqi na kutoroka, na rafiki yake anabaki mchangani. Ni ukurasa mgumu kuliko yote katika kitabu cha kwanza. Baada ya hapo tunakimbia na wale wawili juu ya farasi, tunaingia katika safari na mapenzi, na Tamid anabaki kuwa kumbukumbu inayochoma mara mojamoja. Anarudi katika kitabu cha pili, akiwa na mguu bandia, katika kasri la Sultani, wala si rafiki tena. Wasomaji wengi watamkasirikia. Mimi naona ndiye mhusika pekee anayeidai riwaya deni lake. Katika mji kama huu wetu, ambako magongo ya kutembelea si kitu cha kustaajabisha, jicho la msomaji haliwezi kupanda farasi na kumwacha Tamid nyuma kwa wepesi huo.

Yuko pia Noorsham, Demdji mwingine, kijana ambaye kipaji chake cha moto kinatumiwa na wakubwa kuteketeza miji. Huyu hakuchagua vita; wakubwa walimgeuza kuwa silaha. Katika nchi ambayo watoto waliwahi kuvalishwa sare kabla ya kuvuka umri wa kuchunga mbuzi, Noorsham hahitaji maelezo. Hamilton anamwandika kwa huruma ya kweli, na ninadhani sura zake ndizo zenye ukomavu mkubwa kuliko zote.

Mwenzangu mmoja darasani ataniuliza: je, si unaitwisha riwaya ya burudani mzigo wa Juba? Mwandishi ni mzaliwa wa Kanada aliyekulia Ulaya. Alitaka kuchanganya hadithi za majini na filamu za wapiga bastola wa Marekani, na amefanikiwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sikuileta kanuni ya chuma kutoka nje. Imo ndani ya kitabu, na mhakiki ana haki ya kukidai kitabu kile ambacho chenyewe kimeahidi. Isitoshe, msichana mwenye bunduki si njozi kwetu. Katika miaka ya 1980, ndani ya SPLA, kulikuwa na kikosi cha wasichana kilichoitwa Katiba Banat. Hapa tena sikio la Kiswahili linashtuka, maana katiba yetu ni sheria kuu ya nchi, ilhali kwa Kiarabu neno hilo ni kikosi cha askari. Mzizi ni mmoja. Wasichana hao walifunzwa silaha, lakini wanawake wengi walioingia katika harakati walijikuta wakipika, wakibeba mizigo na kuuguza majeruhi. Bunduki iliwatoa nyumbani, haikuwaingiza mezani. Je, walikuwa na vipaji gani vingine ambavyo chuma kilivifunika? Hilo ni swali ambalo Amani angeweza kutusaidia kuliuliza, kama mwandishi wake angemwachia nafasi ya kulifikiria.

Pamoja na lawama hizo, ningependa kitabu hiki kisomwe na wenzangu, na ningependa mtu akitafsiri. Mtafsiri atakutana na tatizo tamu: afanye nini na jina la mhusika mkuu? Akiliacha lilivyo, kila sentensi ya vita itasomeka kama kejeli ambayo mwandishi hakuikusudia. Akilibadilisha, atapoteza jambo ambalo Kiswahili peke yake kinaweza kuliongeza katika riwaya hii. Mimi ningemshauri aliache. Msomaji wetu na aendelee kusoma kwamba Amani anashika bunduki na nguvu zake zinatoweka, kwamba Amani anaiachia na mchanga wote unainuka. Kwa Kiingereza hiyo ni kanuni ya uchawi tu. Kwa Kiswahili inasomeka kama habari za nchi.