Walimu wa Kwaya za Noeli

Tarehe 24 Desemba 1818, kule Oberndorf, Austria, wimbo wa usiku wa Noeli uliimbwa kwa mara ya kwanza ukisindikizwa na gitaa. Leo unajaza makanisa ya Tanzania kwa sauti nne. Anayeufikisha hapo ni mwalimu wa kwaya, ambaye waumini humwona mgongo tu.

Kazi yake huanza miezi kabla, jioni, waimbaji wakitoka makazini wamechoka. Wengi hawasomi nota, basi huimba do-re-mi kwanza, maneno baadaye, kila sauti peke yake. Alto ndiyo mtihani hasa: ikisimama karibu na soprano huvutwa, ikaiacha njia yake. Mwalimu hurudia mistari miwili ileile, tena na tena, bila kumtaja aliyekosea. Subira hiyo naiheshimu kuliko ufundi wake wote. Besi wakianza kushuka, yeye husikia kabla yao. Umeme ukikatika, kinanda kikanyamaza, huwapa sauti ya kuanzia kwa koo lake. Nakala za nyimbo huziandika kwa mkono, akazidurufu mara nyingi kwa pesa yake.

Mkesha ukifika, sisi waumini tunaimba na kwaya bila kitabu, kana kwamba tulizaliwa tunazijua nyimbo hizi.