Wavu na Wapitao: Uhakiki wa Mchoro wa Kioo

Mwaka 1932, W. H. Zachariasen alichapisha makala kuhusu mpangilio wa atomi katika kioo. Makala hayo yamekuwa nguzo ya elimu ya vioo, na mchoro wake hurudiwa vitabuni hadi leo: wavu usio na utaratibu, ambao matundu yake hayafanani. Uhakiki huu hauulizi kama wavu huo upo. Unauliza mchoro umemfundisha nini msomaji.

Sifa yake ni dhahiri. Kwa kuutazama tu, twaelewa jinsi kioo kinavyoweza kuwa kigumu bila kuwa na mpangilio wa fuwele. Walakini, wavu uliochorwa ni mtupu. Ioni ya sodiamu haimo. Hivyo mwanafunzi hudhani kwamba kioo kikishaganda, kila kilichomo kimetulia. Kumbe Emil Warburg alikwisha kuonyesha kinyume chake mwaka 1884, alipopitisha sodiamu kwa nguvu ya umeme ndani ya kioo kigumu kilichopashwa moto.

Hapa yafaa kutenganisha hali mbili. Katika kioo kilichoyeyuka, viungo vya wavu hukatika na kuungana tena, nazo ioni hupita kwa wepesi. Katika kioo kigumu, wavu umesimama, ila ioni ndogo huruka kutoka tundu hadi tundu, kwa nadra zaidi kadiri joto linavyopungua. Mwaka 1985, G. N. Greaves aliurekebisha mchoro: ioni hizo hazikutawanyika ovyo, bali hukusanyika na kufanya vijia.

Ushahidi wa tofauti hiyo ulitolewa na S. S. Kistler mwaka 1962. Kioo kigumu kikiwekwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, sodiamu hutoka na potasiamu, iliyo kubwa zaidi, huingia mahali pake. Wavu hauwezi kulegea, basi uso wa kioo hubanwa na kuimarika. Lau wavu ungelikuwa umeyeyuka, ungejipanga upya, na uimara huo usingebaki.

Kwa sisi tunaofundisha kwa Kiswahili, jambo hili si dogo. Tukisema tu kwamba «kioo kimeganda», twarudia kosa la mchoro. Kilichoganda ni wavu. Na kila mvuvi ajua kwamba wavu haukamati vyote.