Mkato Uonekane

Filamu ya Stanley and Livingstone, iliyoongozwa na Henry King na kutolewa na kampuni ya 20th Century-Fox mwaka 1939, ina msafara unaopendeza mno machoni. Wapagazi wanakatiza mbuga, na Spencer Tracy, akiwa mwandishi wa habari Stanley, anamsaka mmisionari na mpelelezi Dk. Livingstone. Ila Tracy mwenyewe hakuikanyaga njia hiyo. Mandhari yalipigwa picha Afrika Mashariki, watu wengine wakitembea kwa niaba ya waigizaji. Nyota alibaki Marekani. Kimaumbile, basi, filamu hii ni kolaji: vipande vya pande mbili za dunia vimekatwa na kubandikwa pamoja, kisha gundi ikafichwa.

Ukiitazama kwa jicho la mtu wa mkasi, gundi utaiona. Picha za mbali zina jua. Za karibu zina taa, ile taa ya studio inayolainisha shavu na kung'arisha jicho. Ukubwa nao una siasa yake. Mpagazi anaonekana mwili mzima lakini mdogo, mmoja katika mstari. Nyota ndiye anayepewa uso. Urembo wa sinema ya zamani umejengwa juu ya mgawanyo huo: nani asogezwe karibu, nani aachwe awe mandhari.

Ujanja huu ulikuwepo kabla ya sinema. Mwaka 1871, Stanley akiwa Tabora, mfanyabiashara Mwarabu alimpa mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'Hali. Stanley akambandika jina la Kalulu. Mwaka uliofuata wawili hao walipigwa picha studio jijini London: bwana katika mavazi ya safari, bunduki mkononi, mtoto karibu naye. Mavazi ni ya kweli, safari ilikuwa ya kweli, mtoto ni wa kweli. Mahali ndipo pa kubuni. Kalulu amewekwa pale awe ushahidi kwamba Afrika imo pichani. Mwaka 1877 alikufa maji kwenye maporomoko ya Mto Kongo, katika safari nyingine ya bwana huyohuyo.

Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, anautumia mkasi kinyume kabisa. Katika mfululizo wake wa kazi 12, Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, kurasa za michoro ya kale ya tiba zimebandikwa vipande vya majarida mpaka zikawa nyuso za wanawake: macho yasiyolingana, midomo ya kwenye matangazo, unga wa kumetameta. Urembo ndio unaomvuta mtazamaji. Akishasogea, anakwama kwenye ukingo wa karatasi, na chini yake mchoro wa maradhi bado unaonekana. Hawezi kuufurahia uso bila kujua umeundwa na nini.

Kwa mkasi wa namna hiyo, msanii wa Tabora anayependa mng'aro wa filamu za zamani ana malighafi tele: bango la Tracy, picha ya London, tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872, na njia yenyewe kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Hana sababu ya kuukataa mng'aro. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika njia nzima, na wengi wao walibeba mizigo kwa ujira. Wanastahili taa ile ya shavuni kuliko mtu ambaye hakuwahi kufika. Basi ampandishe mpagazi afikie ukubwa wa Tracy, amsogeze Kalulu mbele ya bunduki, lakini ukingo wa mkasi auache wazi. Akiulainisha kwa kompyuta mpaka watu hao waonekane walikuwepo kwenye bango tangu mwanzo, atakuwa amewasamehe Fox bure, maana hakuna atakayejua tena kwamba waliwahi kukatwa.