Fundi wa Mzunguko: Maji ya Kijiji Huokolewa Kabla ya Mafuriko

Mafuriko yakiingia kwenye kijiji chenye maji ya bomba, mara nyingi kinachotangulia kukatika ni umeme, si bomba. Pampu inasimama, tangi linakauka, na msukumo ndani ya mabomba unashuka mpaka maji machafu yaliyotuama nje yanaanza kunyonywa kupitia nyufa na viungo vilivyolegea. Upande wa majitaka hali huwa mbaya zaidi. Vituo vya kusukuma majitaka hujengwa bondeni kwa kuwa majitaka hufuata mteremko, na bonde ndilo linalojaa kwanza. Mota ikizama, kinyesi hurudi majumbani au humwagika mtoni. Serikali hukimbilia kutoa fedha na vifaa, na ni haki ifanye hivyo. Ila fedha na vifaa hivyo huleta maji upesi pale tu alipo mtu aliyeujua mtandao ule kabla ya maafa. Marekani ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa sababu imekuwa ikimlipa mtu huyo tangu 1980.

Mwaka huo Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo pia inashughulikia maendeleo ya vijijini, ilianza kugharimia mafundi wa mzunguko kupitia Chama cha Kitaifa cha Maji Vijijini, NRWA. Jina lao limetoka kwa wahubiri wa Kimethodisti wa zamani, waliozunguka kwa farasi kuhudumia makanisa yasiyoweza kumlipa mchungaji wa kudumu. Fundi huyu naye huzungukia miji midogo na vijiji vyenye watu wasiozidi 10,000, bila malipo. Hupima klorini, husaka mivujo, humfundisha mwendesha mitambo, na huketi na bodi kupanga bei ya maji itakayotosha kununua pampu nyingine hii ya sasa itakapochoka. Hana mamlaka ya kutoza faini. Naliona hilo kuwa jambo kubwa, kwani mwendesha mitambo atamwonyesha fundi kasoro ambayo angemficha mkaguzi.

Thamani ya ziara hizo huonekana siku ya maafa. Chukua jenereta. Mota ya pampu inapowashwa huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishazunguka, hivyo jenereta linaloonekana kutosha kwenye karatasi linaweza kuzimika pampu ikianza tu kuguruma. Kuna pampu za fezi moja na za fezi tatu, na volteji hazilingani. Kuna vituo vyenye swichi ya kupokea umeme wa nje na vingine ambavyo lazima fundi umeme afungue kabati na kuunga nyaya. Asipokuwapo mwenye habari hizo, jenereta hulala juu ya lori huku watu wakinywa maji ya mto. Na pampu ikishawaka kazi haijaisha: lazima zifungwe vali za upande uliopasuka, na ramani ya vali hizo mara nyingi imo kichwani mwa mzee mmoja ambaye huenda naye amehamishwa na mafuriko. Baada ya hapo mabomba husafishwa, hutiwa klorini nyingi kuliko kawaida, na maji hupimwa bakteria kabla ya mtu yeyote kuambiwa kuwa ni salama.

Hata fedha zenyewe zinamhitaji mtu huyu. Wizara hiyo ya Kilimo ina ruzuku ya dharura ya maji vijijini: hadi dola 150,000 kwa kukarabati mabomba yaliyopasuka, na hadi dola milioni 1 kwa chanzo kipya, tangi au mtambo wa kusafisha maji. Shirika la maafa, FEMA, hurudisha kwa kawaida asilimia 75 au zaidi ya gharama za ukarabati, lakini halilipii uharibifu uliokuwapo kabla ya janga wala uchakavu uliotokana na kutotunza mitambo. Kijiji kisichoweka kumbukumbu za pampu yake kitathibitishaje kwamba iliharibiwa na mafuriko na si kwa kuzeeka? Kumbukumbu hizo hupatikana katika siku za kawaida, ambapo hakuna kamera.

Wapo wanaosema dawa ni kuiunganisha mitandao midogo chini ya mamlaka kubwa. Pale vijiji vinapokaribiana, wana haki. Lakini kilomita nyingi za bomba kwa ajili ya kaya mia moja ni gharama isiyolipika. Wengine wanahofia kwamba huduma ya bure italemaza jamii. Ingelemaza kama fundi angeendesha mitambo badala ya wenyeji, na sivyo afanyavyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba huu ni utaratibu wa nchi tajiri. Hilo limejibiwa El Salvador: utafiti uliochapishwa 2014 ulilinganisha jamii zinazotembelewa na mafundi wa mzunguko na zisizotembelewa, ukakuta maji ya zile zinazotembelewa yana uchafuzi mdogo wa vijidudu.

Kwetu Tanzania ushahidi unaelekea huko huko. Takwimu za vituo vya kuchotea maji za 2015 zilionyesha kuwa asilimia 29 ya vituo havikuwa vikifanya kazi, na kati ya hivyo moja ya tano vilikufa ndani ya mwaka wa kwanza. Wachambuzi wa Benki ya Dunia waliozichambua walikuta kwamba vituo vilivyoachiwa kamati za vijiji pekee vilikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko vilivyo chini ya mamlaka za maji au waendeshaji binafsi. Sheria ya 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliwaondoa wahandisi wa maji vijijini kutoka halmashauri na kuwaweka chini ya wakala huo mmoja wenye ofisi wilayani. Kwa hiyo muundo tunao. Ninachowaomba wanaopanga bajeti za wilaya ni kwamba mafuta ya pikipiki ya fundi yasiwe ya kwanza kukatwa fedha zikipungua, na kila mradi uwe na karatasi moja ofisini, yenye ukubwa wa mota, fezi zake na mahali ilipo kila vali, iliyosahihishwa kabla ya mvua za masika.