Dua, Hitima na Mali ya Yatima: Kuhusu Kuyasoma Vema Maombolezo ya Kiislamu

Katika mahubiri na vijitabu vya Kikristo vinavyozungumzia Uislamu, habari ya kuwaombea wafu hutajwa mara nyingi kwa sentensi moja tu, kwamba Waislamu hudhani aliyekufa aweza kuokolewa kwa kisomo na pilau. Sisi tunaoishi kati ya Waislamu, na tunaokwenda kuzika pamoja nao, yatupasa kuipima hukumu hiyo kabla ya kuirudia. Kosa lake ni kuchanganya mambo ambayo wanavyuoni wa Kiislamu wenyewe wameyatenga kwa makini: sala ya maiti, ambayo ni faradhi, dua, ambayo haina ubishi, na hitima, ambayo imebishaniwa kwa karne nyingi.

Tuanze na sala ya maiti. Hiyo ni faradhi ya kutoshelezana: baadhi ya Waislamu wakiitimiza, wengine wameondolewa wajibu, wote wakiiacha, wote wamekosa. Husaliwa kwa kusimama, bila rukuu wala sijda, kwa takbira nne. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Pwani yetu, baada ya takbira ya kwanza husomwa Fatiha, baada ya pili husaliwa Mtume, baada ya tatu huombewa maiti, na baada ya nne huombwa kwa ufupi kisha hutolewa salamu. Mpangilio huo una kiasi kikubwa. Cheo cha marehemu hakitajwi, wala mali yake. Dua mojawapo iliyo mashuhuri huwaombea msamaha walio hai na waliokufa, waliopo na wasiokuwepo, wadogo na wakubwa, wanaume na wanawake. Hivyo maiti hatengwi peke yake, bali huwekwa katikati ya jamaa nzima inayohitaji kusamehewa. Katika maneno hayo hakuna kitu kinachotolewa kuwa malipo.

Kiasi hicho kimewekwa hata katika huzuni. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim mwaka 632, lakini alikataza kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kurarua nguo. Jamaa huruhusiwa kukaa katika maombolezo siku tatu. Mjane ndiye anayekaa eda ya miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue ikiwa ni mja mzito.

Hitima ni jambo jingine. Wasomaji hugawana juzuu 30 za Msahafu, Qur'ani ikakamilishwa, kisha huombwa dua ili thawabu za kisomo zimfikie marehemu. Hitima husomwa siku ya tatu, na wengine huongeza ya saba na ya arobaini; baada ya kisomo watu hula. Je, thawabu hizo humfikia maiti? Vijitabu vyetu hulipita swali hili, ingawa ndilo lenye uzito. Rai mashuhuri ya Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, ni kwamba kisomo hakimfikii, na hoja yake ni aya ya 39 ya Sura ya 53, inayofundisha kuwa mtu hana ila aliyoyafanyia juhudi mwenyewe. Wanavyuoni wa Kihanafi na wa Kihanbali walisema humfikia. Hata Ibn Taymiyya (1263–1328), aliyekuwa mkali juu ya kila uzushi, alikuwa upande huo. Baadaye Mashafii wengi walipata njia ya katikati: msomaji akimaliza, na amwombe Mungu amfikishie maiti mfano wa thawabu hizo. Kwa hiyo Pwani ya Kishafii inasoma hitima kwa kufuata ufafanuzi wa wanafunzi wa baadaye, si rai mashuhuri ya imamu wao. Shaka ambayo mhubiri wa Kikristo hudhani ameileta kutoka nje, yaani kwamba mtu hawezi kuhamishiwa wema wa mwingine, imo ndani ya fikihi ya Kiislamu tangu mwanzo.

Katika karne ya 20 mjadala huo ulipata sauti mpya kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alikemea mila zenye gharama. Baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), Kadhi Mkuu wa Kenya na mfasiri wa Qur'ani kwa Kiswahili, alipinga mambo aliyoyahesabu kuwa uzushi. Wanaotaka matengenezo hutegemea hasa Hadithi ya Jaafar bin Abi Talib. Jaafar alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629, Mtume aliagiza watu wapike chakula kwa ajili ya jamaa zake, kwa sababu wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Leo, wasema, mambo yamegeuzwa: mfiwa ndiye anayepika, na mgeni ndiye anayekula. Zaidi ya hayo, mali ya marehemu ni mirathi. Ng'ombe akichinjwa kutoka katika mali hiyo, walioshiba wamekula haki ya yatima, jambo ambalo Qur'ani imelionya vikali.

Wanaotetea hitima nao wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Chakula, wasema, ni sadaka, na sadaka kwa ajili ya maiti imekubaliwa na wote. Tena kisomo huirudisha jamaa nyumbani siku ambazo nyumba imeanza kuwa kimya, na mjane hujua hakuachwa. Anayefuta hitima bila kuweka kitu mahali pake amepunguza gharama, lakini huenda ameongeza upweke.

Maoni yetu ni kwamba Hadithi ya Jaafar inazijibu pande zote mbili. Haisemi wafiwa waachwe peke yao. Inaagiza majirani wachukue mzigo wa jiko. Ubani unaotolewa Pwani ungali na kumbukumbu ya agizo hilo, mahali ambapo haujageuka kuwa deni la kulipwa kwenye msiba ujao.

Na sisi Walutheri je? Luther mwaka 1528 aliandika kwamba si dhambi mtu kumwombea marehemu faraghani, mara moja au mbili, na kumwachia Mungu. Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531 hausemi kwamba maombi hayo yamekatazwa. Kilichokataliwa kwa ukali katika Makala za Smalcald za mwaka 1537 ni misa za wafu pamoja na biashara iliyozifuata. Mababa zetu basi walitenga ombi na biashara, kama wanavyuoni wa Kiislamu walivyotenga dua na karamu. Tofauti juu ya msingi wa msamaha, na juu ya Kristo, haipungui kwa kusema hivyo. Bali inawekwa mahali pake, wala haitafutwi tena ndani ya sufuria ya pilau.

Wala sufuria hiyo si ya Waislamu peke yao. Katika sharika zetu nako kuna arobaini, kuna siku ya kuweka msalaba, kuna ng'ombe anayeuzwa au kuchinjwa wakati karo ya watoto haijalipwa. Mchungaji anayetaka kuhakiki matanga ya jirani na aanze kwa kuuliza, katika msiba wa msharika wake mwenyewe, chakula kimelipiwa na nani. Akikuta kimelipiwa na mjane, hapo ana kazi ya kufanya kabla ya kuandika kijitabu.